Chupa sita za Malagousia juu ya kabati: harufu imekwenda wapi, na zile chembe ni nini?

"Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Stuttgart, Ujerumani, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mwishoni mwa 2022 jirani yangu, mzee wa Kigiriki, alinipa katoni ya chupa sita za mvinyo mweupe unaoitwa Malagousia, mavuno ya 2021. Siku ileile alinionjesha wa kwake, nao ulinukia maua na pichi mpaka nikashangaa. Akaniambia zabibu yake ilikuwa imepotea, ikafufuliwa. Chupa zote nikaziweka juu ya kabati la jikoni nikisubiri harusi ya binti yangu, maana siku zote nimesikia kwamba mvinyo ukikaa ndipo unapozidi kuwa mzuri. Mwezi uliopita niliweka moja kwenye friji siku tatu, nikaifungua. Rangi imekuwa ya asali. Ile harufu haipo. Unanukia kama tufaha lililokatwa likaachwa mezani. Na chini kuna chembe zinazong'aa kama sukari au vigae. Nikaumwaga wote. Je, ni kemikali? Ni chupa iliyomeguka kwa ndani? Au zabibu hii iliyofufuliwa ilitengenezwa maabara, ndiyo maana haina nguvu ya kudumu? Zimebaki tano, harusi ni Agosti, na namwonea haya mzee wa watu. Halafu mdogo wangu analima zabibu Hombolo, Dodoma, ananisumbua nimpelekee vijiti vya mzabibu huu apande."

Dada yangu, hongera kwa harusi inayokuja, na pole kwa chupa uliyoimwaga. Nimelisoma swali lako mara mbili nikaona limebeba hofu tatu kwa pamoja: kwamba umepewa kitu cha hatari, kwamba umepewa kitu bandia, na kwamba umekiharibu kwa mkono wako. Mbili za kwanza zitue kabisa. Ya tatu ina ukweli ndani yake, nami sitakuficha.

Nianze na chembe, kwa kuwa ndizo zilizokufanya umwage. Si sukari, si kioo, wala si dawa iliyotiwa na mtu. Asidi kuu ya zabibu inaitwa asidi ya tatariki, na unaijua tangu utotoni, maana ndiyo inayoufanya ukwaju uwe ukwaju. Zabibu ina pia potasiamu, madini ambayo mzabibu huyafyonza ardhini. Viwili hivi hushikana ndani ya mvinyo vikawa chumvi isiyopenda kileo wala baridi. Maadamu mvinyo una joto, sehemu kubwa ya chumvi hiyo hubaki imeyeyuka na huioni. Uliposhusha chupa kabatini ukaiingiza kwenye friji siku tatu, chumvi ikaganda na kuzama. Kwa hiyo uliziona kwa sababu ya friji. Pengine siku moja kabla yake chini ya chupa hapakuwa na kitu.

Watengenezaji wengi hulimaliza jambo hili mapema. Huupoza mvinyo ndani ya tangi hadi nyuzi kama 4 chini ya sifuri, siku kadhaa, chembe zigande humo na kubaki humo. Wengine huliacha kwa makusudi, wakiona heri mteja akute chembe kuliko kuusumbua mvinyo zaidi ya unavyohitaji. Chumvi hiyohiyo ikisafishwa ndiyo ule unga mweupe ambao waokaji hutia kwenye ute wa mayai ili povu lisimame. Huenda umeshaila mara nyingi kwenye keki. Ukitaka kujiridhisha, chota chembe chache, ziponde kwa mgongo wa kijiko, kisha uzitie kwenye kikombe cha maji yanayochemka na ukoroge. Chumvi itayeyuka. Kioo hakiyeyuki, na ukikuta kipande kigumu chenye ncha kimebaki, achana na chupa hiyo. Lakini nina hakika hutakikuta. Siku nyingine simamisha chupa wima kwa saa kadhaa, mimina taratibu, na ubakize kidogo cha chini.

Sasa hilo neno "kufufuliwa", ambalo naona limekuchanganya zaidi ya chembe. Hakuna maabara iliyoitengeneza Malagousia. Hii ni zabibu ya zamani ya Ugiriki ya magharibi, upande wa Aitolia na Akarnania, maeneo ya mji wa Nafpaktos. Kufikia miaka ya 1970 ilikuwa imebaki mizabibu michache tu. Profesa Vassilis Logothetis wa Chuo Kikuu cha Aristotle, Thessaloniki, aliyekuwa akikusanya aina za zabibu za nchi yake zisiangamie, aliiokoa kwa kuipanda katika mashamba ya majaribio ya Porto Carras, kwenye rasi ya Sithonia huko Halkidiki. Pale Porto Carras alikuwapo kijana aliyerudi kutoka masomoni Bordeaux, Evangelos Gerovassiliou. Ndiye aliyeigeuza zabibu ile kuwa mvinyo na kutambua wana kitu cha namna gani mikononi. Mwaka 1981 akaanza kupanda mizabibu yake mwenyewe Epanomi, kusini mwa Thessaloniki, kwenye udongo wa mchanga uliojaa mabaki ya viumbe vya kale vya baharini. Kule Attica, eneo la jiji la Athens, mkulima wa mizabibu Roxane Matsa naye akaishika mapema na kuitunza. Leo Malagousia inalimwa Makedonia, Attica, Peloponnese na hata visiwani, na mzee wako anaweza kuinunua dukani Stuttgart. Miaka hamsini iliyopita hakuna duka popote ambalo lingemwuzia.

Kwa nini ilikaribia kupotea? Kwa sababu zilezile zilizopoteza mbegu nyingi za kienyeji kila mahali. Mwishoni mwa karne ya 19 kidudu cha filoksera, kinachokula mizizi ya mizabibu, kilifika Ugiriki kaskazini, na mashamba mengi yalipopandwa upya watu walichagua aina zenye faida ya haraka. Zikaja vita, ya dunia na ile ya wenyewe kwa wenyewe iliyokwisha 1949. Kisha Machi 1960 Ugiriki na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kupeleka wafanyakazi, na vijana wa vijijini wakapanda treni kwenda viwandani, Stuttgart ikiwa mojawapo ya miji iliyowapokea wengi. Sijui jirani yako alifikaje hapo, na si kazi yangu kubahatisha. Lakini mzee wa Kigiriki wa Stuttgart akikupa mkononi zabibu iliyorudi, jua kwamba huenda anajua mengi kuhusu namna ilivyoondoka.

Na Malagousia yenyewe ni zabibu ya kudekezwa. Huiva mapema, mara nyingi ndani ya Agosti. Kwenye ardhi yenye rutuba nyingi hutoa majani na mashada kupita kiasi, na zabibu zake huwa majimaji yasiyo na ladha. Unyevu ukizidi hushikwa na ukungu. Mkulima aliyekuwa akiuza zabibu kwa kilo hakuwa na sababu ya kuihangaikia. Ilihitaji mtu wa kuipunguzia mashada, kuipa ardhi kame inayopitisha maji, na kuichuma siku yake kamili bila kuchelewa.

Namna ilivyoongezwa baada ya kuokolewa utaielewa haraka, kwa kuwa umetoka nyumbani kwa wakulima. Muhogo hatupandi kwa mbegu, tunakata pingili, na muhogo mpya ni uleule wa zamani uliohamishiwa shimo jingine. Mzabibu uko vivyo hivyo. Ukipanda kokwa ya zabibu unapata mzabibu mwingine kabisa, kama mtoto asivyokuwa mama yake. Ukikata kijiti ukakichipuza, au ukakibebesha kwenye shina la mzabibu mwingine kama tunavyobebesha miembe, unapata uleule. Kwa hiyo Malagousia yote iliyopo leo ni mwendelezo wa mizabibu ile michache. Haikuchezewa. Imekatwa na kupandwa, kama ilivyofanyika kwa kila zabibu kubwa ya Ulaya kwa karne nyingi. Kutodumu kwake kabatini ni tabia yake ya kuzaliwa. Hakuna aliyeikosea.

Tabia hiyo ndiyo kiini cha swali lako, na hapo nataka nikae kidogo.

Harufu ulizozisikia kwa mzee, maua, pichi, na kama ulikuwa makini pengine rehani na hoho mbichi, zilikuwa tayari ndani ya zabibu kabla haijageuka mvinyo. Zimo hasa kwenye ganda na nyama iliyo karibu na ganda. Zile za maua hasa ni jamii ya vitu vinavyoitwa tapini. Mojawapo ni linalooli, ambayo imo kwenye rehani, kwenye mbegu za giligilani na kwenye asumini. Nyingine ni geranioli, mwenzake waridi. Mimi nimekulia Tanga, na mara ya kwanza niliponusa glasi ya Malagousia changa sikukumbuka mvinyo wowote. Nilikumbuka kikuba cha asumini na mrehani kifuani kwa shangazi yangu siku ya harusi. Baadaye niliposoma kemia yake nikaelewa kwamba pua yangu haikunidanganya. Vilikuwa vitu vilevile.

Nawe unajua kikuba kinavyokuwa asubuhi yake. Harufu ya Malagousia haifi usiku mmoja, lakini iko kwenye mwendo huohuo. Mvinyo una asidi, na tapini zikikaa kwenye asidi hubadilika polepole umbo lake. Linalooli hujigeuza kuwa vitu vingine vya jamii yake ambavyo pua haivisikii kwa urahisi. Harufu nyingine, zile za matunda matamu zinazozaliwa wakati hamira inachachusha juisi, nazo huvunjika ndani ya miezi na miaka. Ndiyo maana Malagousia nyingi hutiwa kwenye matangi ya chuma cha pua, huchachushwa kwenye ubaridi, huwekwa chupani mapema na kuuzwa ili inywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, mitatu ikiwa imetunzwa vizuri sana.

Kuna sababu ya pili. Kinachouwezesha mvinyo mweupe kuishi muda mrefu ni asidi nyingi, hasa ule mvinyo usio na sukari. Assyrtiko ya Santorini, zabibu nyingine ya Kigiriki ambayo labda umeisikia, ina asidi kali kama wembe, na chupa nzuri yake inaweza kupita miaka kumi ikiwa bado imesimama. Malagousia asidi yake ni ya wastani, na pengine chini ya hapo. Ndiyo inayoufanya uwe laini na wa kujaa mdomoni. Ndiyo pia inayoupunguzia ulinzi, kwa sababu salfaiti, ambazo hutiwa kidogo karibu kwenye kila mvinyo ili kuzuia hewa isiuharibu, hufanya kazi vizuri zaidi pale asidi inapokuwa nyingi.

Kwa hiyo hata ungeziweka chupa zako mahali bora kuliko pote, leo zingekuwa zimeshapita ubora wao. Kabati likaongeza mwendo. Hewa ya moto ya jikoni hupanda juu, na juu ya kabati ndipo inapokwenda kukaa. Ukichemsha maharage saa mbili, kule juu joto hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Mvinyo unapenda nyuzi 10 hadi 15, usiku na mchana, bila kupandishwa na kushushwa. Kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka huenda mabadiliko ya kikemia yakaongeza kasi mara mbili. Tena joto likipanda na kushuka, mvinyo hutanuka na kusinyaa, kizibo kinasukumwa na kuvutwa, na hewa inapata upenyo. Hewa ndiyo iliyoleta rangi ya asali na harufu ya tufaha lililokatwa, kama vile tufaha lenyewe linavyogeuka kahawia ukiliacha wazi. Umeieleza dalili kwa usahihi ambao wanafunzi wangu wengi hawana.

Ule usemi kwamba mvinyo ukikaa unazidi kuwa mzuri umewapotezea watu chupa nyingi, na hata mimi nilipoanza kazi niliweka katoni nzima ya mvinyo mweupe wenye harufu nzuri miaka mitano kwa imani hiyohiyo, nikaja kufungua maji ya rangi. Usemi ule ni wa kweli kwa sehemu ndogo ya mvinyo wa dunia: myekundu mizito, mweupe wenye asidi kali, na mitamu mingi. Hata Malagousia ina aina zinazovumilia zaidi. Iliyolazwa kwenye mapipa ya mwaloni huweza kufika miaka minne au mitano bila aibu, na ile tamu, inayotengenezwa kwa zabibu zilizoachwa mtini zikaiva kupita kawaida, hukaa muda mrefu kuliko hapo kwa sababu ya sukari yake. Tazama lebo. Neno ξηρός maana yake ni drai, haina sukari ya kuisikia. Ukikuta γλυκός, hiyo ni tamu. Nalitaja hili pia kwa sababu wengi wakisikia harufu ya pichi na maua hudhani mvinyo ni mtamu, kisha wakiuonja wanaona wametapeliwa. Pua inasikia tunda, ulimi hauikuti sukari.

Basi, chupa tano zilizobaki. Kwanza ziteremshe leo, uzilaze mahali penye giza na ubaridi, stoo ya chini kama jengo lenu linayo. Usizimwage bila kuzionja, maana chupa za katoni moja hazizeeki sawasawa. Vizibo hutofautiana, na moja inaweza kuwa imesalia nzuri kuliko mwenzake. Fungua moja, mimina kidogo, nusa, onja. Ukikuta imefifia tu, rangi imekolea, tufaha na asali kidogo, hakuna ubaya wowote. Inywe na chakula, si peke yake: kuku wa kuoka kwa limau, au samaki wa kukaanga. Hata ikikuchosha, ni mvinyo mzuri wa kupikia, tena kitunguu na kitunguu saumu vinaupenda. Mvinyo mkongwe hauwi sumu. Kileo na asidi yake havimpi nafasi mdudu wa kumwumiza mtu, kwa hiyo chupa uliyoimwaga ilikuwa imekosa raha, haikuwa na hatari.

Ukikuta harufu kali ya siki au ya kile kiondoa rangi ya kucha, hiyo haifai kunywa. Ukikuta harufu ya boksi lililolowa au stoo yenye ukungu, tatizo ni kizibo, si wewe wala kabati lako, na muuzaji mwenye adabu huibadilisha chupa ya namna hiyo hata baada ya kufunguliwa. Kwa chupa zilizokaa muda huu usidai fidia, ila ujue tofauti.

Kama bado una wasiwasi baada ya kuonja, chukua chupa moja iliyofunguliwa jana na nyingine iliyofungwa, uende nazo mwenyewe kwa mtu wa mvinyo. Uko mahali pa bahati kwa hilo. Mizabibu imepandwa hata ndani ya mji wa Stuttgart, na Württemberg, eneo linaouzunguka, ni nchi ya mvinyo. Mtengenezaji yeyote mdogo wa hapo atanusa glasi yako na kukupa jibu papo hapo, jambo ambalo mimi siwezi kulifanya kwa maandishi. Na kama mtu wa familia amewahi kubanwa na kifua au kutokwa na vipele baada ya mvinyo, hilo si langu wala la mtengenezaji, ni la daktari. Salfaiti huweza kumchokoza mwenye pumu, na kwa sheria ya Ulaya lebo lazima izitaje zikizidi miligramu 10 kwa lita. Mjamzito, na anayetumia dawa zisizopatana na kileo, naye aulize kabla ya sherehe, asisubiri baada.

Kwa harusi yenyewe, ushauri wangu wa wazi ni huu: usiwapelekee wageni chupa hizi tano. Nunua Malagousia changa. Zabibu za Agosti huwa chupani kwa kawaida kuanzia majira ya baridi na dukani kufikia masika, kwa hiyo kwa harusi ya Agosti tafuta chupa yenye mavuno ya mwaka uliotangulia. Mwaka umeandikwa kwenye lebo. Muuzaji akikupa wa miaka mitatu nyuma kwa bei nafuu, asante, mrudishie. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano, sita ukimimina kwa kiasi. Ziweke kwenye friji usiku wa kuamkia sherehe, zitoe dakika kumi kabla ya kumimina, zifike mezani zikiwa nyuzi 8 hadi 10. Ukiupa baridi ya barafu, harufu inajificha na umelipia bure. Usitie vipande vya barafu ndani ya glasi, na usitumie glasi pana kama bakuli, tumia inayojikunja kidogo mdomoni, ishike harufu.

Na chakula? Hapa nina furaha kukuambia kwamba mvinyo huu unaelewana na jikoni yetu kuliko mingi ya Ulaya. Samaki wa kupaka ndiye mwenzake wa kwanza. Tui zito linataka mvinyo laini wenye mwili, na rehani iliyomo ndani ya Malagousia inaamkia bizari na giligilani bila kugombana nazo. Kuku wa nazi pia, na pilau isiyo na pilipili nyingi. Pilipili kali huufanya mvinyo uunguze, na kachumbari iliyokamuliwa ndimu kwa wingi huufanya uonekane bapa, kwa hiyo hivyo viwe pembeni. Kwa wageni wasiokunywa andaa juisi ya ukwaju, ipozwe vilevile na imiminwe kwenye glasi zilezile nzuri, asionekane yeyote amekaribishwa nusu.

Kuhusu mzee, mwambie. Mpelekee glasi ya chupa utakayofungua, umwambie ilikaa wapi na ulikuwa ukiisubirisha nini. Watu wa huko wanaujua mvinyo huu, hatashangaa, na atafurahi kusikia uliiona harufu ile kuwa ni ya kuwekea harusi. Kisha mwombe akuchagulie wa Agosti. Sidhani kama kuna heshima kubwa zaidi unayoweza kumpa.

Limebaki la Hombolo, na hapa lazima niwe mkali kidogo. Usibebe kijiti hata kimoja kwenye sanduku. Filoksera niliyoitaja ilivuka bahari kutoka Amerika ya Kaskazini katika karne ya 19 ikiwa kwenye mizabibu iliyopelekwa Ulaya na watu wenye nia njema kabisa, ikaangamiza mashamba nchi baada ya nchi. Vipo pia virusi vinavyojificha ndani ya kijiti kinachoonekana kizima, na huna jicho la kuviona. Zabibu za Dodoma ni riziki ya maelfu ya nyumba, si ya mdogo wako peke yake. Njia halali ni kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, kinachoombwa kabla mmea haujasafiri, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inayotoka.

Hata vibali vikipatikana, kuna swali la hali ya hewa. Ugiriki mzabibu hulala majira ya baridi ukaamka mara moja kwa mwaka. Dodoma haulali. Mkulima anaupogoa ili uchipue, na ndiyo maana huvuna mara mbili. Zabibu inayotegemea harufu huipoteza kirahisi joto likiwa kali wakati wa kuiva, hasa kama usiku haupoi. Inawezekana mavuno yanayoivia kwenye miezi ya baridi ya huko yakaifaa, lakini jambo hilo hujaribiwa kwenye mistari michache chini ya macho ya watafiti, haliwekewi mtaji wa familia. Mdogo wako yuko karibu na kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, ambacho kazi yake ni zabibu. Aende mwenyewe, aeleze shamba lake, udongo wake na anayemwuzia. Aulize kwanza kuhusu aina nyeupe ambazo tayari zimezoea Dodoma, kisha ndipo aitaje Malagousia.